Mapumziko ya Siku Nne Bugala na Historia ya Utulivu wa Ssese

Utangulizi

Mwezi wa sita mwaka jana, tulipomaliza mitihani, nilikaa siku nne katika kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria. Nilikwenda kupumzika tu. Nasema "tu" kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza. Safari zangu zote kabla ya hiyo zilikuwa na shughuli: kukimbia vita, kwenda shule ya bweni, kufuatilia karatasi za ukimbizi, kumsindikiza mdogo wangu hospitalini. Sikuwahi kupanda gari ili niende mahali nikakae kivulini na kutazama maji.

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, masomo ya Historia na Kiswahili, na nimepanga chumba Kamukuzi, mjini Mbarara. Nyumbani kwetu ni Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyo katika wilaya ya Isingiro, kiasi cha kilomita 60 kutoka hapa. Tulifika huko mwaka 2008 tukitokea Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, nikiwa na miaka mitano.

Katika insha hii nitaeleza nilichokiona Bugala na kile nilichojifunza baadaye kuhusu kisiwa hicho. Hoja yangu ni kwamba utulivu ambao wageni wanaufuata Ssese una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni watu kuondolewa makwao kwa amri mwaka 1909. Nitalinganisha tukio hilo na kisiwa cha Hateruma huko Japani, halafu nitarudi Nakivale, kwa sababu maswali niliyokuwa nayo nilipotoka kisiwani yalikuwa ya nyumbani.

Siku nne kisiwani

Aliyenialika ni mwanafunzi mwenzangu, Muganda wa Masaka, ambaye bibi yake anaishi Bugala. Tulipanda basi Mbarara alfajiri, tukashuka Nyendo, pembezoni mwa mji wa Masaka, tukachukua teksi hadi Bukakata. Pale Bukakata kuna feri inayovusha watu na magari mpaka Luku, upande wa kisiwani, na haitozi nauli. Mfuko wangu ulishukuru.

Kutoka Luku barabara inapita kwanza kwenye mashamba ya michikichi, mistari na mistari, halafu vipande vya msitu, halafu unaanza kuliona ziwa chini kushoto na kulia. Karibu na mji wa Kalangala kuna ghuba ya Lutoboka yenye ufuko wa mchanga na nyumba za wageni. Sisi hatukulala huko. Tulilala kwa bibi, ambaye nilimwita Jjajja kama anavyomwita mjukuu wake. Alitupikia matoke na samaki, akatukataza kuoga ziwani kwa sababu ya kichocho, na akatuambia tusimsaidie kazi kwa siku mbili za kwanza, kwani tulionekana tumechoka na vitabu.

Siku ya tatu nililala mchana kwenye mkeka, chini ya mwembe. Nilipoamka kivuli kilikuwa kimehama na jua lilikuwa limenifika miguuni. Sikujua ni saa ngapi, na hakuna mtu aliyekuwa ameniita. Wenzangu waliokulia Nakivale watanielewa. Kule kwetu ukilala mchana unaacha sikio moja wazi, maana huenda orodha inasomwa na jina la familia yenu likaitwa, na ukilikosa utangoje mwezi mwingine.

Jioni ile tulitembea ukingoni mwa msitu. Miti ilikuwa mikubwa, nyani walikuwa wakirukaruka juu, na zaidi ya ndege hapakuwa na sauti nyingine. Tuliporudi nilimwuliza Jjajja kwa nini msitu kama ule ulibaki, wakati bara misitu mingi imekatwa zamani kwa ajili ya mashamba. Aliendelea kumenya ndizi, akajibu kwa Kiganda: "Ni kwa sababu hatukuwepo."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Mwenzangu alicheka, akasema kwamba bibi akianza hadithi hiyo hatutalala mapema. Na kweli hatukulala mapema. Niliporudi Mbarara nilianza kusoma ili nione vitabu vinasema nini kuhusu jambo ambalo Jjajja alilieleza kwa maneno matatu.

Ssese kabla ya malale

Visiwa vya Ssese ni 84, vingine vikubwa vyenye vilima, vingine vidogo kama uwanja. Katika ufalme wa Buganda, Ssese ilikuwa na heshima ya pekee. Kwa imani ya Waganda, Mukasa, mwenye ziwa, mleta samaki na watoto, hekalu lake kuu lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe, na makabaka walikuwa wakipeleka zawadi huko. Wageni wa leo huja Ssese kupumzika, lakini wageni wa zamani walikuja kuomba.

Wasese walikuwa pia mafundi wa mitumbwi na wapiga kasia. Mitumbwi yao haikuchongwa kwa gogo moja. Ilitengenezwa kwa mbao zilizoshonwa pamoja kwa kamba za nyuzi za miti. Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875 aliiona mitumbwi ya namna hii, na sehemu kubwa ya nguvu ya Buganda juu ya ziwa ilitegemea mikono ya watu wa visiwani. Ssese ilikuwa saza la Buganda, na mkuu wake aliitwa Kweba.

Nataja mambo haya kwa sababu matangazo mengi ya utalii huzungumza kuhusu visiwa kana kwamba viliumbwa vikiwa vitupu, vikimngoja mgeni. Ssese ilikuwa na watu wengi, kazi nyingi, na kelele nyingi za wavuvi na mafundi.

Ugonjwa na watafiti

Mwaka 1901, madaktari wawili ndugu, Albert Cook na Jack Cook, walianza kuwaona katika hospitali ya Mengo wagonjwa wa ugonjwa ambao haukuwa umetambuliwa Uganda kabla ya hapo. Mgonjwa alianza kwa homa na tezi kuvimba shingoni. Baadaye alilegea, akachanganyikiwa, akawa analala mchana na kukesha usiku, mwisho akafa. Huo ndio ugonjwa wa malale. Katika Busoga, pwani ya Buganda na visiwani, makadirio ya wakati ule yalitaja vifo zaidi ya 200,000 katika miaka michache.

Mwaka 1902 Jumuiya ya Kifalme ya London ilituma tume ya kwanza ya watafiti, miongoni mwao Aldo Castellani. Mwaka 1903 alikuja David Bruce, na tume ikathibitisha kwamba vimelea vya malale vinaenezwa na mbung'o. Vitabu vingi vinampa Bruce sifa hiyo peke yake. Lakini njia iliyotumika ilihitaji watu wengi. Katikiro Apolo Kaggwa aliombwa kuwaagiza machifu na watu wao wakusanye nzi kutoka sehemu mbalimbali na kueleza wapi ugonjwa upo na wapi haupo. Nzi walipopokelewa, ramani mbili zilichorwa, ya mbung'o na ya ugonjwa, na zikalingana. Walioshika wavu na kutembea vichakani, wakiumwa na nzi haohao, hawakuandikwa majina.

Mwaka 1906 alifika mtafiti mwingine mashuhuri, Mjerumani Robert Koch, ambaye mwaka uliotangulia alipata tuzo ya Nobel kwa utafiti wake wa kifua kikuu. Waingereza walimruhusu afanye kazi Ssese, akapiga kambi Bugala, kisiwa kilekile nilicholala kwenye mkeka. Wagonjwa walimfuata kwa mamia. Aliwadunga atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni wengi walipata nafuu na habari njema zikapelekwa Ulaya. Baadaye ugonjwa ulirudi kwa wengi, na Koch alipoongeza kipimo cha dawa, baadhi ya wagonjwa walipofuka macho bila kupona tena. Koch aliondoka mwaka 1907. Watu wa Bugala walibaki na mbung'o wao.

Amri ya kuhama

Dawa ilipokosekana, serikali iliamua kuwatenganisha watu na nzi. Hesketh Bell, aliyeanza kuiongoza Uganda mwaka 1906 na baadaye kuwa gavana, aliagiza ukanda wa pwani ya ziwa uondolewe watu. Utekelezaji ulipitia kwa machifu wa Buganda, wakati Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto na nchi iliongozwa na wasimamizi wake, Apolo Kaggwa akiwa mmoja wao. Mwaka 1909 ikafika zamu ya visiwa, na watu wa Ssese wakahamishiwa bara.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Katika darasa letu tumezoea kuandika kwamba kila amri ya mkoloni ilikuwa hila. Amri hii ilitolewa katikati ya msiba wa kweli. Watu walikuwa wakifa, dawa haikuwapo, na kuwaacha visiwani kungeweza kuongeza makaburi. Mtu akiniuliza mimi ningefanya nini mwaka 1909, sina jibu jepesi la kumpa.

Lakini hata amri yenye nia ya kuokoa inaweza kuulizwa maswali. Swali la kwanza ni la muda. Bell aliamini kwamba mbung'o wakikosa damu ya wagonjwa wataacha kuwa na vimelea, kisha watu warudi. Kuhama kukafikiriwa kuwa jambo la muda. Miaka michache baadaye watafiti waliofanya kazi katika visiwa vilivyoachwa tupu, kama vile Hale Carpenter, walikuta kwamba wanyama wa porini, hasa nzohe, yule swala wa majini, wanaweza kubeba vimelea hivyo. Nzohe hawakuhamishwa. Kwa hiyo mbung'o waliendelea kuwa hatari, na "kwa muda" ikawa ndefu. Watu walianza kuruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1920 hivi, yaani zaidi ya miaka kumi baadaye.

Swali la pili ni la kazi. Mvuvi aliyepelekwa bara, mbali na maji, anakuwa nani? Fundi wa mtumbwi anashona nini? Aliyezoea kuishi kwa ziwa alitakiwa aishi kwa jembe, kwenye ardhi ambayo tayari ilikuwa na wenyewe.

Swali la tatu ni la majina. Katika vitabu nilivyosoma nimekutana na majina ya madaktari, ya magavana, ya machifu, na hata jina la kisayansi la nzi. Majina ya waliopanda mitumbwi na kuondoka ni machache mno. Tunajua vizuri ni nani aliyeamuru, na tunajua kidogo sana ni nani aliyefunga mlango.

Waliorudi

Hapa simulizi ya Jjajja inanisaidia kuliko kitabu. Mama yake alizaliwa bara, wazazi wake wakiwa wamehamishwa kutoka Bugala. Aliletwa kisiwani akiwa msichana mdogo, familia iliporuhusiwa kurudi. Wazee walimkuta msitu umefunika kijiji. Walitambua mahali pa nyumba yao kwa mti mmoja wa mtini uliopandwa na babu kwa ajili ya magome ya kutengenezea vazi. Walifyeka, wakajenga tena.

Jambo ambalo Jjajja alilirudia mara mbili ni hili: mama yake aliitwa "mgeni" mpaka alipoolewa. Hakujua kupiga kasia. Hakujua majina ya pepo za ziwa. Alisema maneno kama watu wa bara. Wenzake walimcheka, na yeye aliwahi kumwambia bintiye kwamba siku aliyoletwa nyumbani ndiyo siku aliyohama kwa mara ya kwanza.

Wengine hawakurudi kabisa. Miaka zaidi ya kumi ni mingi. Watu walikuwa wameoa, wamezika, wamepanda migomba bara. Na waliokuja kukaa Ssese katika miaka iliyofuata hawakuwa Wasese peke yao. Wavuvi na wafanyabiashara walitoka sehemu nyingi.

Katikati ya hayo msitu ulikuwa umepata nafasi ya kukua. Mashamba ya zamani yaligeuka vichaka, vichaka vikageuka miti. Kwa hiyo jibu la Jjajja lilikuwa la kihistoria kabisa. Ukimya ambao kijana wa mjini anakwenda kuutafuta ufukoni Lutoboka una mizizi katika miaka ile ambayo hapakuwa na mtu wa kukata mti. Hata huo nao hautadumu wenyewe. Kalangala ilipewa wilaya yake mwaka 1989, na katika miaka ya 2000 sehemu kubwa ya msitu wa Bugala ilikatwa kupisha michikichi ya mawese. Kuna wakulima wadogo waliopata kipato kutokana na mawese, na kuna waliopoteza mahali pa kuokota kuni na dawa za miti. Hayo ni mada ya insha nyingine.

Kisiwa kingine: Hateruma

Nikiwa naendelea kusoma nilikutana na kisiwa cha mbali ambacho historia yake ilinishtua kwa kufanana na kutofanana. Hateruma ni kisiwa kidogo cha Japani, katika visiwa vya Yaeyama, kusini kabisa ya Okinawa. Ndicho kisiwa cha kusini zaidi chenye wakazi katika nchi hiyo. Hali ya hewa yake ni ya joto karibu kama yetu, mashamba yake ni ya miwa, maji yake ni ya buluu, na watu wa Tokyo huruka maelfu ya kilomita kwenda kupumzika katika visiwa hivyo.

Mapema mwaka 1945, vita vya Okinawa vilipokaribia, jeshi la Japani liliwaamuru watu wa Hateruma wahamie kisiwa jirani cha Iriomote. Walikuwa kiasi cha 1,600. Iriomote ilijulikana kwa malaria, na wenyeji walisema hivyo, lakini amri haikubadilika. Mifugo yao ilichinjwa. Kufikia mwisho wa mkasa ule, karibu theluthi moja ya watu wa kisiwa kile walikuwa wamekufa kwa malaria na njaa, wakiwemo watoto wengi wa shule. Mwalimu mkuu wao, Shikina, ndiye aliyekwenda kuwaomba wakubwa wa jeshi ruhusa ya kuwarudisha watu kwao. Kabla ya kuondoka Iriomote alichonga maneno kwenye jiwe la pwani, kwa maana ya kwamba jiwe hili lisisahaulike, pamoja na jina la Hateruma na jina lake.

Tofauti iko wazi. Ssese watu walitolewa palipo na ugonjwa. Hateruma watu walipelekwa palipo na ugonjwa. Moja ilikuwa sera ya afya, nyingine ilikuwa amri ya vita. Sitaki kuzichanganya. Lakini katika zote mbili walioondolewa waliambiwa ni kwa usalama wao, hawakuulizwa, na visiwa vyao leo vinatangazwa kwa neno lilelile: utulivu. Tofauti nyingine ni jiwe. Katika siku zangu nne Bugala sikuona jiwe la namna ile. Nilichokiona ni Jjajja mwenyewe, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo.

Kupumzika na kungoja

Nilipomaliza usomaji huo nilikwenda Nakivale kumsalimu mama. Nilikuwa na hoja tayari kichwani. Nilitaka kuandika kwamba mkimbizi hapumziki. Mtu akipita Nakivale mchana, atawaona wanaume wamekaa mbele ya maduka ya Base Camp, wanawake wamekaa kivulini kando ya bomba la maji, vijana wamekaa juu ya pikipiki. Atadhani wanapumzika. Sivyo. Wanangoja. Kungoja kunachosha kuliko kulima, kwa sababu mkulima anajua mvua yake ni ya mwezi gani.

Makazi yetu ni ya zamani. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Wao pia waliambiwa, na walijiambia, kwamba ni kwa muda. Wengi wao na watoto wao walirudi Rwanda mwaka 1994 na baada yake, yaani zaidi ya miaka thelathini baadaye, na kati ya hao waliorudi kulikuwa na watu wazima ambao hawakuwahi kuiona Rwanda hata siku moja. Baada yao tulikuja sisi Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Neno "makazi" lenyewe linasema watu wanakaa. Na watoto wanazaliwa. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa Rubondo, ndani ya Nakivale. Shuleni walipomwambia achore nyumbani kwao, alichora ziwa la Nakivale na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Mama alilitazama karatasi lile muda mrefu, halafu akalibandika ukutani.

Nilimsomea mama niliyoyaandika kuhusu kupumzika na kungoja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisahihisha.

"Hapana, mtoto wangu. Miye nilipumzika," alisema. "Ile siku ya kwanza tulipovuka Bunagana, wakatupeleka Nyakabande. Tulilala chini, mvua ilikuwa inanyesha, wewe ulikuwa kwa mgongo wangu. Nililala kama mtu amekufa. Kwa wiki nzima sikuwa nimefunga macho. Asubuhi haya ilinishika, maana nilikuwa sijui kama baba yenu amefika, na miye nimelala hivyo."

Nikamwuliza kama amewahi kupumzika namna ile tena. Alifikiri. Akasema bado, lakini siku niliyompigia simu kutoka Bugala, nikamwambia nimelala mchana mpaka jua likanikuta, aliweka simu chini akalala na yeye.

Maneno hayo yamenilazimisha kuipunguza hoja yangu. Nilikuwa nimeigawa dunia mara mbili, wanaopumzika na wanaongoja. Mama alipumzika kwenye tope la Nyakabande kwa sababu hakuna aliyekuwa akimfukuza. Huenda mwaka 1909 pia kulikuwa na mama wa Kisese ambaye usiku wake wa kwanza bara alilala usingizi mzito, kwa sababu mtoto wake hakuwa anaumwa na mbung'o, na asubuhi haya ikamshika kwa kuacha makaburi ya wazazi wake nyuma. Hakuna aliyemwuliza. Mwanahistoria akiandika tu kwamba watu walihamishwa kwa nguvu na waliumia, atakuwa amesema kweli, lakini atakuwa ameiacha nje nafuu ya mama huyo na haya yake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, utulivu wa mahali hautokei bure. Ukiupata kisiwani, uliza nani alikuwapo kabla yako na kwa nini hayupo. Kuuliza hivyo hakuharibu mapumziko. Mimi nilipumzika vizuri Bugala, na nikipata nauli nitakwenda tena. Pili, neno "kwa muda" linapotumiwa na wenye mamlaka lipimwe kwa umri wa mtoto. Miaka kumi na moja ya kitabu cha historia inatosha kumfanya mtoto wa kisiwani asijue kupiga kasia. Miaka kumi na saba ya Nakivale inatosha kumfanya mtoto wa Rutshuru achore ng'ombe wa Ankole anapoambiwa achore kwao. Tatu, wanaohamishwa huachwa nje ya maandishi mpaka wao wenyewe au watoto wao waandike.

Kuhusu kurudi, sina hakika. Mama anataka kurudi Rutshuru, lakini sasa hapana amani ya kumrudisha. Mdogo wangu, siku tutakaporudi, hatakuwa anarudi. Atakuwa anahama kwa mara ya kwanza, kama mama yake Jjajja. Afadhali tulijue hilo mapema, tumfundishe majina ya vilima na mito ya kule kabla hajachekwa kwa kutoyajua.

Tangu mwezi wa nane nimeanza daftari. Kila nikienda Nakivale namwuliza mtu mzima mmoja alitoka wapi, mwaka gani, alipita wapi, alibeba nini, na usiku wa kwanza alilala vipi. Swali la mwisho limetoka kwa mama, na ndilo ambalo watu hulijibu kwa urefu zaidi. Mpaka sasa daftari lina watu kumi na mmoja. Mwenzangu wa Masaka naye ameahidi kuandika simulizi ya bibi yake likizo ijayo, na nimemwambia asiisubiri likizo.